Masomo ya Faragha ya Dansi mjini Lubumbashi: Dola 20 kwa Saa Zinanunua Nini?

Mwalimu anayetufundisha dansi za ukumbini, mimi na mume wangu, hapa Lubumbashi, hutoza dola 20 za Marekani kwa saa moja ya somo la faragha, na bei hiyo ni ya watu wawili kwa pamoja. Katika kundi lake la Jumamosi kila mtu hulipa dola 5. Wengi wanaoniuliza wakisikia tofauti hiyo huamua papo hapo kwamba somo la faragha ni anasa ya watu wa migodi. Mimi nimefikia uamuzi mwingine: saa ya faragha inastahili bei yake kabisa, mradi wanaoinunua wawe wanatafuta kusahihishwa mwili. Wanaoinunua ili waongeze hatua za kuonyesha wageni wanatupa pesa, na heri wabaki kundini.

Sababu iliyotupeleka kwa mwalimu inajulikana na kila familia ya mji huu. Maharusi, na vilevile wanandoa wanaofanya jubilei, ndio wanaofungua dansi. Huitwa katikati ya ukumbi, simu zote huinuliwa, na kwa dakika tatu au nne hakuna mwingine wa kutazamwa. Jubilei yetu ya miaka 25 ya ndoa ilikuwa inakaribia, watoto wakatuomba tuifungue kwa valsi, nasi hatukuwa tumejifunza valsi hata siku moja. Jubilei imekwisha kupita, na bado tunasoma.

Nianze na hesabu, kwa sababu bei ya kundi huonekana ndogo kuliko ilivyo. Jozi moja hulipa dola 10 kwa saa ya Jumamosi. Zikiwapo jozi kumi, mwalimu mmoja, hata akijigawa kwa haki kiasi gani, hawezi kuipa kila jozi zaidi ya dakika sita za kuitazama na kuinyoosha mabega, na kwa kweli hupungua hapo, maana ni lazima pia asimame mbele awaonyeshe wote hatua. Kwa hiyo kundini dola 10 zinalipia dakika sita za jicho lake, na faraghani dola 20 zinalipia dakika sitini. Kila dakika ya kusahihishwa faraghani ni nafuu mara tano. Sisemi kwamba dakika nyingine za kundi zinapotea. Kundini ndiko mtu anakozoea kuzunguka ukumbi pamoja na wengine, wote wakielekea kinyume cha mwendo wa saa kama kanuni ya dansi hizi inavyotaka, na ndiko anakojifunza kuachia njia jozi iliyo kasi kuliko yake. Lakini kosa la mkao likirudiwa Jumamosi hadi Jumamosi bila kuonwa na mtu, linageuka kuwa tabia, na kuliondoa baadaye kunakula saa nyingi kuliko zile ambazo zingetosha kulizuia.

Mkao ndio tulioulipia hasa. Katika valsi mwanamke husogea kidogo upande wa kulia wa mwanamume, ili miguu ya kila mmoja ipate njia. Mkono wa kulia wa mwanamume hutulia mgongoni mwa mwanamke, juu ya mfupa wa bega la kushoto, na viwiko vya wote wawili havianguki. Yote haya kundini tulikuwa tumeyasikia na kuyaona. Faraghani mwalimu alichana karatasi moja ya daftari, akaiweka kati yetu pale mbavu zetu za kulia zinapokutana, akazima muziki, akatuagiza tutembee urefu wote wa ukumbi bila kuiangusha. Ilianguka kila mara mume wangu alipotaka kugeuka, kwa kuwa alikuwa ananivuta kwa mkono huku kifua chake kikibaki nyuma. “Papa,” mwalimu akamwambia, “mkono uuache upumzike. Wewe geuka mwenyewe, Mama atajua.” Kisha akanitazama mimi: “Na wewe Mama, usimtangulie. Ngojea kifua chake kikufikie.” Tulirudi na kwenda, tukirudi na kwenda tena, yeye akitembea kando yetu ameinama, macho yake kwenye ile karatasi tu. Ilipoacha kuanguka niligundua kwamba sikuwa nakisia tena mume wangu anaelekea wapi. Somo hilo halikuwa na hatua mpya hata moja, nami nalihesabu kuwa ndilo lililokuwa na faida kuliko yote tuliyoyalipia.

Kuna jambo jingine ambalo saa ya faragha inaweza kulitenda na kundi haliwezi, nalo linatuhusu sisi Wakongomani kwa namna ya pekee. Tunaingia kwenye masomo haya tukiwa na masikio yaliyolelewa na rumba. Santuri za Kuba za mfululizo wa GV, zilizoanza kutolewa katika miaka ya 1930, zilipendwa sana huku kwetu, nasi tukauchukua ule muziki tukaufanya wetu, hata mwezi Desemba 2021 UNESCO ikaiandikisha rumba ya Kongo katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu, kwa ombi la Kongo zote mbili. Muziki huo una mapigo manne katika kila kipimo, yaani kila fungu la mapigo linalojirudia. Valsi ina matatu, na tofauti hiyo inaingia hadi miguuni, kwa sababu mwenye kupiga hatua tatu katika kila kipimo huanza kipimo kimoja kwa mguu wa kulia na kinachofuata kwa mguu wa kushoto. Mtu aliyezoea mapigo manne hungoja pigo ambalo halipo, mguu wake unachelewa, na mwenzake anakanyagwa. Mwalimu mzuri huliona hilo katika dakika za kwanza. Wetu alituzuia kucheza kabisa mpaka tuweze kutembea tukihesabu kwa sauti, kisha ndipo akafundisha kupanda na kushuka: mguu unaokwenda mbele hutangulia kwa kisigino, mwili huanza kuinuka mwishoni mwa pigo la kwanza, huendelea kupanda katika la pili na la tatu, halafu hushuka mwishoni mwa la tatu.

Kwa sababu hiyohiyo nawashauri wenzangu wasitumie saa nyingi za faragha kwa rumba. Ile inayofundishwa ukumbini, ambayo Monsieur Pierre, Mfaransa aliyefundisha dansi mjini London, aliieneza baada ya kuitazama ikichezwa Kuba, ni ya ukoo mmoja na yetu. Huchezwa polepole, vipimo 25 hadi 27 kwa dakika, na kigeni ndani yake kwa mtu wa hapa ni kwamba hatua ya kwanza hukanyagwa katika pigo la pili. Hilo likishaeleweka, kiuno na mizani ya mwili tumekwisha kuvipata nyumbani, na mazoezi ya kundi yanatosha. Saa za bei kubwa ziwekewe valsi na dansi ya tango.

Hata uchaguzi wa muziki uliingia katika thamani tuliyoipata. Binti yetu alikuwa amechagua wimbo mzuri wenye mapigo matatu, akaamini kwamba hiyo inatosha. Mwalimu aliuhesabu akitazama saa ya mkononi, akatueleza kwamba ule ni mwendo wa valsi ya Vienna, ambayo huenda vipimo 58 hadi 60 kwa dakika, ilhali valsi ya polepole tuliyokuwa tunajifunza huenda 28 hadi 30. Tungefika mbele ya wageni tukiwa na hatua sahihi na muziki wa kasi mara mbili. Watoto walitafuta wimbo mwingine, naye akaupima kabla ya kuukubali.

Upungufu wake nao niutaje. Katika masomo ya mwanzo alizungumza na mume wangu karibu muda wote, kana kwamba anayeongozwa hana la kufundishwa. Nilimwambia waziwazi kwamba nusu ya dola 20 ni yangu. Hakukasirika. Siku hizi sehemu ya kila somo hucheza nami yeye mwenyewe, na hapo ndipo nilipofahamu kwamba kichwa changu kilikuwa kinaelemea kushoto kuliko inavyotakiwa. Pia haandiki chochote. Lile tulilofundishwa tusipoliandika wenyewe jioni ileile, somo linalofuata huanza kwa kukumbushana, na kukumbushana kunalipiwa bei ileile. Siku ambayo umeme wa SNEL, shirika la umeme la taifa, ulikatika katikati ya somo, aliyahesabu mazungumzo yetu na mlinzi kuhusu mafuta ya jenereta kuwa ni dakika za somo. Tulisemezana, na tangu hapo umeme ukikatika saa yake husimama, au tunaendelea kwa kuhesabu mapigo bila muziki. Mara nyingi mimi hupendelea hilo la pili.

Gharama za pembeni si kubwa, ila zijulikane. Viatu vya dansi vyenye soli ya ngozi laini havifai kwenye saruji, hulika upesi, na kumbi zetu nyingi ni za saruji au vigae. Mwalimu alitushauri tumpelekee fundi viatu viatu vyetu vya kawaida avitie soli nyembamba ya ngozi ngumu, na vinateleza vizuri. Soli ya mpira ndiyo iepukwe, kwa kuwa inashika sakafu, na mtu akigeuka goti ndilo linaloumia. Ukumbi umo ndani ya dola 20. Wanaotaka mwalimu aende kwao, mitaa ya Golf au Bel-Air, humwongezea nauli. Noti iwe safi, maana noti ya dola yenye mpasuko mdogo haipokelewi na mtu yeyote katika mji huu.

Kabla ya kumpata huyu tuliulizia mahali pengine, ambapo walitaka tulipie masomo yote ya miezi kadhaa kwa mkupuo mmoja, bila maandishi ya kurudishiwa kitu tukiugua au mwalimu asipofika. Hapo ndipo ninapowaomba wasomaji wawe waangalifu kuliko popote. Katika miji mikubwa ya Marekani, ambako dola 80 au 100 kwa saa ni bei ya kawaida, desturi ya kuuza vifurushi ni ya zamani, na madhara yake yameandikwa mahakamani. Mjane mmoja wa Florida, aliyesifiwa tena na tena kwamba ana kipaji, aliuziwa saa 2,302 za masomo kwa jumla ya dola 31,090.45 katika studio iliyotumia jina la Arthur Murray, mwalimu maarufu wa dansi wa Marekani, na mwaka 1968 mahakama ya rufaa ya jimbo hilo ikaamua kwamba shauri lake lina haki ya kusikilizwa. Kilichomnasa ni sifa. Mwalimu anayekusifu katika kila somo na mwisho wa somo akatoa karatasi ya kifurushi kikubwa zaidi, mwombe akuambie ni kosa gani lako lililopungua tangu mlipoanza. Akishindwa kulitaja, pesa yako ibaki mfukoni.

Kuhusu michezo ya dansi iliyopangwa kuanzia mwanzo hadi mwisho wa wimbo, ile yenye kuinuliwa juu na kuinamishwa nyuma, maoni yangu ni mafupi. Inameza masomo mengi, inafaa kwa wimbo mmoja na usiku mmoja, na muziki ukiruka kidogo kwenye spika jozi inabaki imesimama. Maharusi wanaoitaka wana haki yao, ila wajue wananunua onyesho. Kwa pesa hiyohiyo wangeweza kupata valsi ya hatua chache watakayoicheza katika kila arusi watakayoalikwa.

Kwa mwenye kipato kidogo, na wengi wetu ndio sisi, ningependekeza alipie kundi kila Jumamosi na atenge pesa ya somo moja la faragha kila mwezi, alihudhurie akiwa na swali moja lililoandikwa, na kati ya somo na somo afanye mazoezi nyumbani, hata kama ni kati ya meza na kabati. Bila mazoezi hayo bei ya dola 20 siwezi kuitetea. Sisi tumekubaliana na mwalimu kuendelea mara mbili kwa mwezi, tukilipa kila somo siku yake, bila kifurushi, na mwezi ujao tunaanza tango.