Kadi ya kwenda nayo Dubai: makato yanajificha wapi

Haya ndugu zangu wa Kigoma, na nyie mnaotuangalia toka Kasulu na Uvinza karibuni sana, leo nachambua kadi za kusafiria maana watu wanaoenda Dubai kufata mzigo wananiuliza sana, nichukue kadi gani isiyonikata hela nikiwa nje.

Sikieni. Ukiswaipu nje ya nchi benki nyingi zinakata makato ya muamala wa nje, kule Marekani kawaida ni asilimia 3. Ndugu zetu walioko kule wana nafuu, benki ya Capital One kadi zao za mkopo za huko hazina kabisa haya makato, kadi ya mkopo ya benki ya Chase inayoitwa Sapphire Preferred nayo haina ila ina ada ya dola 95 kwa mwaka. Sasa piga hesabu, dola 95 ni asilimia 3 ya kama dola 3,170, yani kama matumizi yako ya nje kwa mwaka hayafiki hapo na kadi umeichukua kwa ajili ya makato tu, ada imekula zaidi ya kile ulichokikimbia.

Kwetu huku wengi tuna kadi ya benki ya akaunti ya shilingi, na hapo makato unaweza usiyaone popote kumbe yamekaa ndani ya reti ya kubadilishia hela. Kwa mtu wa Dubai mi nasema chukua kadi ya akaunti ya dola, kwa sababu dirham, hela ya kule, imefungwa kwenye dola toka 1997, dola 1 ni dirham 3.6725, kwa iyo kukagua ni rahisi: umelipa dirham 1,000, akaunti ikatwe kama dola 272, ukiona 280 ujue kuna asilimia 3 imepita hapo na una haki ya kwenda kuuliza.

Alafu hili ndo linaniuma zaidi. Uko dukani Deira, mtaa wa biashara kule Dubai, keshia anakugeuzia mashine, kwenye kioo kuna sehemu mbili, ulipe kwa dirham au kwa hela ya kadi yako, shilingi au dola, na wameshakuandikia kabisa ni ngapi, mtu akiona hela ya kwao anafurahi anabonyeza. Usibonyeze jamani! Reti ya hapo siyo ya benki yako, wameweka faida yao juu, na hata kadi isiyo na makato haikuokoi. Bonyeza dirham. Kuna wakati keshia anakubonyezea mwenyewe, kwa iyo soma risiti ukiwa bado umesimama pale pale, ukikuta siyo dirham mwambie afute arudie. ATM nazo zinauliza hivo hivo, kataa.

Kadi ya mkopo usitolee cash, riba kawaida inaanza siku ile ile, tumia ya benki ya kawaida. Na kabla hujasafiri pita tawini kwako wakufungulie kadi kwa matumizi ya nje, na uwaombe karatasi ya makato uisome mwenyewe, usiishie kuambiwa kwa mdomo.

Wale mnaovuka ziwa kwenda Kalemie au Uvira kule Kongo, kadi isiwasumbue akili, bebeni dola za cash, noti safi, maana kule ikiwa na mpasuko hata kidogo tu pembeni unarudishiwa.