Tenhou kwa mchezaji wa riichi aliyekwama: tathmini kutoka Kirumba

Hapa Mwanza ukitaka mtu wa kucheza naye drafti au bao utampata kabla hujamaliza kikombe cha kahawa, lakini ukitaka watu watatu wa kuketi nawe kwenye meza ya majongi ya riichi, ule mchezo wa vigae wa Kijapani, utasubiri sana. Ndiyo maana kwa miezi minane nimekuwa nikicheza Tenhou, jukwaa la Kijapani la mtandaoni linalofunguka bila malipo kwenye simu au kompyuta. Tathmini hii ni ya wale ambao kanuni wanazijua, ila wameona kiwango chao kimegoma kupanda.

Ubora wake mkubwa, kwa maoni yangu, umo katika namna linavyohesabu madaraja. Katika chumba cha pili kati ya vinne vilivyopangwa kwa viwango vya wachezaji, mechi ndefu humpa mshindi wa kwanza pointi 60 za daraja, wa pili 15, wa tatu hapati kitu, na wa nne hukatwa. Makato hayo hukua kadiri unavyopanda: mwenye dani (ngazi ya mchezaji) ya kwanza hukatwa 45, na mwenye dani ya nne hukatwa 90, kiasi kwamba kushika mkia mara moja hufuta ushindi mmoja na nusu. Ukicheza wiki mbili chini ya hesabu hiyo, utaacha kujiuliza namna ya kushinda kila mkono na utaanza kujiuliza namna ya kutokuwa wa nne.

Kwa sisi tuliolelewa na bao, hilo ni gumu kuliko linavyosikika. Kwenye bao, ukiwa na nafasi ya kula ni lazima ule, na usipoweza kula ndipo unapotakata. Isitoshe, kete zote ziko wazi mbele ya macho ya kila mtu. Riichi ina vigae 136, wewe unaviona 13 vyako pamoja na vilivyotupwa mezani, na hakuna anayekulazimisha kushambulia. Mimi nilishambulia kila mara, kwa mazoea tu.

Mkono ulionifumbua macho ulikuwa wa mwisho wa mechi. Nilikuwa wa pili kwa pointi 26,400, nyuma ya mwenye 38,100. Wa tatu alikuwa na 20,500 na wa nne 15,000. Huyo wa nne akatangaza riichi, yaani kwamba amebakiza kigae kimoja tu ashinde, kwa kuweka dau lake la 1,000. Mimi nilibakiza kigae kimoja tu nifikie kusubiri, hatua hiyo aliyokwisha kuifikia yeye, na ili niendelee nikatupa nane ya maandishi (moja ya aina tatu za vigae vya namba). Ndiyo aliyokuwa akiingojea, kwa mkono wa 8,000. Nikashuka hadi 18,400, yeye akapanda hadi 23,000, na mkia nikaushika mimi.

Usiku huo nilifungua kumbukumbu ya mechi, ambayo jukwaa huihifadhi na kuionyesha hatua kwa hatua huku mikono yote minne ikiwa wazi. Nilikuwa nimeshika vigae viwili vya upepo wa Kaskazini, na yeye alikwisha kutupa kimoja kama hivyo. Kanuni ya riichi haimruhusu mtu kushinda kwa kigae cha mpinzani ikiwa yeye mwenyewe amekwisha kutupa kigae chochote kati ya vile anavyovisubiri, kwa hiyo Kaskazini zangu mbili zilikuwa zamu mbili za usalama kamili. Alikuwa pia ametupa nne ya duara, aina nyingine ya vigae vya namba, na hivyo moja na saba za duara zilikuwa salama dhidi ya kusubiri kwa pande mbili (kama mwenye tano na sita anavyosubiri nne au saba), ingawa si dhidi ya kila namna ya kusubiri. Vyote hivyo vilikuwa mbele yangu, nami nilikuwa nikitazama mkono wangu mwenyewe.

Tangu hapo napitia kila mechi niliyoshika mkia, na huona makosa ya mashambulizi pia, hasa ya kuvunja mapema jozi kama nne na tano, ambayo husubiri vigae vinane, na kubaki na nne na sita inayosubiri vinne. Unaweza vilevile kutazama mechi za chumba cha juu kabisa, ambacho huingiwa na wenye dani ya saba au zaidi na alama ya R (kipimo cha uwezo wa mchezaji) isiyopungua 2000. Angalia wanavyoacha mkono mzuri; wanavyoshinda utajifunza baadaye.

Kasoro zipo. Kiswahili hakimo, sura yake ni kavu, na maandishi ya Kichina kwenye vigae yatakusumbua kwa siku kadhaa. Wala halikwambii kosa lako. Hukuonyesha tu kilichotokea, na anayetaka mwalimu wa kumshika mkono atachoka mapema.

Tena usicheze umeme ukiwa wa mashaka. Mtandao ukikatika, mechi haikungoji: mfumo hutupa kila kigae unachovuta hadi urudi. Jioni moja taa zilizimika mtaani kwetu, na niliporudi nilikuta mkono uliokuwa umeiva umepitwa na kigae chake cha ushindi, kimetupwa kwa jina langu. Sasa sianzi mechi ndefu kabla simu haijajaa chaji na kifurushi hakijatosha.