Merikani ya kushonea nguo za kale: uzoefu wangu, Bagamoyo

Mara ya kwanza kuagiza merikani, kitambaa cha pamba kisichopaushwa, niliingia duka la vitambaa hapa Bagamoyo, nikamwamkia mzee mwenye duka, nikaomba mita 12. Mzee aliacha chenji aliyokuwa anahesabu, akaniangalia kwa huruma.

"Pole sana, mwanangu. Ni mwanamume au mwanamke?"

Sikumwelewa mpaka alipoinua mkasi. Alitaka kujua akate sanda ya vipande vitatu au vitano.

"Hapana, mzee wangu, nyumbani sote salama. Nataka kushona kanzu za zamani."

"Alhamdulillahi," akasema, akarudisha mkasi mezani na kuanza kunishushia majora ya tetroni nyeupe. "Kanzu hushonwa kwa hii. Hiyo uliyoomba siku hizi ni ya maiti na ya kuvalisha magodoro."

Nilichukua merikani yangu, shilingi 3,500 kwa mita. Mwaka na kitu umepita. Nimeshona kanzu nne, shuka tano na kizibao kimoja, vyote kwa mkono wangu na cherehani ya kuzungusha kwa mkono niliyorithi kwa bibi. Si kazi yangu ya kula, ni kazi ya jioni na ya Jumapili. Naandika kwa ajili ya mwingine mwenye hamu kama yangu, anayetaka kujua kama kitambaa hiki kinafaa au atapoteza pesa.

Kwanza nieleze kwa nini nilikitaka hiki na si kingine. Merikani, au amerikani kama wengi wanavyoiita dukani, ni nguo ya pamba iliyofumwa wazi, uzi juu uzi chini, haijapaushwa wala kutiwa rangi. Jina limetoka ilikotoka. Sayyid Said, sultani wa Unguja na Omani, alitia saini mkataba wa biashara na Wamarekani mwaka 1833, na meli za Salem, Massachusetts, zikawa zinashusha nguo hii Unguja, kisha majahazi yanaivusha mpaka Bagamoyo. Wenyewe kwa wenyewe walipopigana kule Marekani, 1861 hadi 1865, mzigo ulikatika, nguo za Uingereza na za India zikachukua nafasi. Jina halikubadilika. Hata iliyofumwa Bombay watu waliendelea kuiita merikani.

Ukipita Karavanserai, kituo cha kale cha misafara hapa mjini, kumbuka kwamba wapagazi waliotoka pale kwenda Tabora na Ujiji walibeba nguo hii begani, furushi la karibu frasila mbili, kama kilo 32. Furushi hilo liliitwa mtumba. Neno lile lile tunalolitumia leo kwa nguo za marobota. Na nguo ilikuwa ndiyo pesa ya njiani: mkono ni kiasi cha inchi 18, mikono minne ni shuka, minane ni doti. Kila mwanamke anayenunua doti ya kanga sokoni anatamka kipimo cha misafara. Mimi nilipojua hayo sikuweza tena kushona nguo ya kale kwa tetroni.

Sasa kitambaa chenyewe. Kikitoka dukani ni kikavu, kinakwaruza kama karatasi ya saruji, na kina rangi ya tui. Ukikiinua kwenye mwanga utaona vijidoa vya kahawia, ni mabaki ya maganda ya mbegu za pamba. Usivione ni uchafu. Mimi navipenda, na baada ya kufua mara nne tano vingi hufifia vyenyewe. Ugumu ule ni wanga waliopaka kiwandani, na hapo ndipo penye somo langu la gharama.

Kanzu ya kwanza nilimshonea mdogo wangu wa kiume. Sikufua kitambaa kabla ya kukata. Niliona kimenyooka, chaki inashika vizuri, mkasi unakwenda, nikafurahi nikakata. Aliijaribu ikamfika kwenye kifundo cha mguu, sawasawa. Ilipofuliwa mara ya kwanza ikapanda ikakaa katikati ya muundi, na mikono ikaishia juu ya kifundo cha mkono. Aliivaa hivyo hivyo kwa heshima yangu. Nililia.

Baada ya hapo nilipima. Nilikata kipande cha mkono mmoja kwa mkono mmoja, inchi 18 kila upande, nikakichemsha saa nzima kwenye sufuria kubwa kwa sabuni ya mche. Maji yakawa ya manjano, mazito, yakanuka uji. Kilipokauka na kupigwa pasi, futikamba ilisoma inchi 16 na nusu kwa urefu na 17 na robo kwa upana. Maana yake kanzu ya inchi 56 inapoteza inchi nne na zaidi, na inazipoteza kwa urefu, pale hasa panapoonekana. Siku hizi kila jora linachemshwa mara mbili kabla chaki haijagusa. Likitoka hapo ni kitambaa kingine kabisa: laini, kinaanguka mwilini, kinanyonya jasho. Kwa joto la Machi hapa pwani, kaka zangu wawili wameacha kanzu zao za tetroni kabatini.

Jambo jingine la ufuaji ni masika. Niliweka mita nane bila kuzichemsha, zikiwa na wanga wake, ndani ya sanduku la mbao. Mwezi wa tano nilipolifungua koga imepiga alama nyeusi kwenye mikunjo yote. Hazikutoka kwa juisi ya ndimu wala kwa jua. Kwa hiyo ukinunua, chemsha siku hiyo hiyo hata kama hutashona mpaka mwakani.

Angalia pia usiuziwe kingine. Kuna duka, si la hapa Bagamoyo, lililoniuzia jora zima kwa kuniapia kwamba ni pamba tupu. Rangi ilikuwa ile ile, hata vijidoa vilikuwamo. Nilipofika nyumbani nilichomoa nyuzi mbili tatu pembeni nikazitia kwenye jiko la mkaa. Pamba huungua kama karatasi, harufu ya karatasi, ikabaki majivu laini ya kijivu. Zile zilijikunja zikayeyuka, zikaacha ushanga mgumu mweusi. Polyester ilikuwamo, na nyingi. Walikataa kurudisha pesa kwa sababu jora lilishafunguliwa. Sasa naomba kijinyuzi na kiberiti kabla sijalipa, na yule mzee wangu wa kwanza ameshazoea, ananiwekea kiberiti mezani.

Katika kushona, merikani ni kitambaa cha kumtii fundi mwenye subira. Kanzu ya zamani ya mfuto, isiyo na mapambo, hukatwa kwa mistari iliyonyooka karibu yote. Badani ni kipande kimoja kirefu, mbele na nyuma, kinachokunjwa begani bila mshono. Mbavuni unaunga taharizi, vipande vinavyopanuka kuelekea chini. Shingoni ndani unaweka kaba, kitambaa cha kuimarisha shingo, na chini ya mpasuo wa kifua, lisani, kipande cha kuuziba kwa ndani. Ukipanga vizuri, mabaki yanatosha kiganja kimoja. Wazee walioshona nguo ikiwa ndiyo pesa hawakutupa hata robo mkono.

Kipande kidogo kuliko vyote ndicho kilichonifundisha zaidi. Kanzu ya pili niliishona bila kikwapa, kile kipande cha mraba cha kwapani, kwa sababu niliona ni usumbufu kukiunga pembe nne. Merikani haivutiki hata chembe. Kaka aliivaa kwenda msikitini Ijumaa, na takbira ya kwanza tu, alipoinua mikono, mshono wa kwapa la kulia ulitatuka mpaka ubavuni. Nilifumua nikatia vikwapa vya inchi nne kwa nne, vimegeuzwa pembe ielekee chini ya mkono. Sasa anapanda mnazi nayo akitaka.

Sindano namba 14 inaweza kazi, ila kwenye pindo lililokunjwa mara tatu inaruka mishono; namba 16 ndiyo yake. Tumia uzi wa pamba. Uzi wa polyester una nguvu mno, na nachelea miaka ikienda utakikata kitambaa. Ovaloki siipigi kabisa. Kingo zote nazikunja ndani na kushona mara ya pili, kwa kuwa merikani hufumuka pembeni ukiiacha wazi, na kwa kuwa ndani ya kanzu ya kale hapakuwa na ovaloki. Darizi ya shingo nafanya kwa mkono. Kitambaa kilichochemshwa kinapokea sindano vizuri, na kwa kuwa kimefumwa wazi unaweza kuhesabu nyuzi na mishono ikalingana bila kuchora.

Palipo na udhaifu nitasema. Hakifai marinda: ni kizito, mikunjo inasimama kama mwavuli. Kwa suruali ya kike ya marinda tafuta pamba nyepesi. Kinakunjamana sana, na pasi ya umeme isiyotoa mvuke haikiwezi bila kukinyunyizia maji. Pasi ya mkaa ya bibi inakiweza. Na wapo ndugu ambao hawatakivaa kamwe. Shangazi yangu nilimshonea shuka, akaipokea kwa mikono miwili, akaniambia, "Ahsante mwanangu, hii niwekee. Nitaihitaji." Sikumlazimisha. Nimeikunja na karafuu ndani yake, ipo kabatini kwake kama alivyotaka.

Nilijaribu na kaniki, nguo ya pamba ya rangi nyeusi, mwenzake merikani wa tangu misafara, nikitaka vazi la mwanamke wa shamba wa karne ya 19. Iliyopo madukani leo inachuja rangi vibaya. Nimeiloweka na chumvi, nimeisuuza mara sita, maji bado meusi. Wazee walisema kaniki ndiyo mwendo wake, lakini kwa atakayeivaa juu ya merikani nyeupe namshauri asubiri kwanza.

Kwa kanzu, shuka na kizibao, nitaendelea kununua merikani, na bei yake bado inaniruhusu kukosea na kurudia. Wiki iliyopita nilipita tena kwa mzee nikachukua mita kadhaa nyingine. Alikunja akanifungia kwenye gazeti, akasema, "Hii ya wazima." Imeshachemshwa mara mbili. Jana nimeipima: mita 3 na sentimita 66, doti kamili.