Winchi ya umeme ya paundi 9,500 kwenye mkonga: uzoefu wangu, na usalama wake ambao fundi wengi hawausemi

Naendesha Land Cruiser hadtopu, ile tunayoita mkonga, gari ya mradi huku Manyara, na masika udongo mweusi wa Simanjiro ukishalowa hauchagui dereva mzoefu wala mgeni, unameza tu mpaka difu. Bosi alikubali tufunge winchi ya umeme mbele, yaani mashine ya kuvuta gari kwa waya, volti 12, nguvu ya kuvuta paundi 9,500 ambayo ni kama kilo 4,300, waya wa chuma. Brandi sitaji, ni hizi za bei ya kati, na nyingi zinafanana kufanya kazi.

Nguvu ipo aisee. Gari imekaa kwenye tope hadi ubavuni, unabonyeza rimoti na yenyewe inasogea taratibu bila kelele ya matairi. Ila ukweli usemwe, kwa mkonga uliojaa watu, mafuta na mizigo, saizi hii ni ndogo kidogo. Hesabu inayotumika ni uzito wa gari likiwa limejaa zidisha mara moja na nusu, sasa gari inafika tani 3 na zaidi, kwahiyo ningenunua leo ningechukua ya paundi 12,000. Afu kitu kingine watu hawajui, hizo paundi wanazoandika kwenye boksi ni pale waya umebaki tabaka la kwanza tu kwenye dramu, ile silinda unapojiviringisha, likija tabaka la pili, la tatu, nguvu inashuka, ndo maana unavuta waya mrefu kwanza kabla ya kuanza kazi. Usiumalize wote lakini! Acha mizunguko mitano kwa uchache kwenye dramu, kamba ya sintetiki acha kumi, maana ule mwisho uliofungiwa pale haubebi mzigo, kinachoshika ni mizunguko yenyewe.

Nikikwambia nunua kitu kimoja cha ziada basi nunua puli. Waya unatoka kwako, unazunguka puli kwenye mti au gari lingine, unarudi kwenye chesisi yako, nguvu inakuwa karibu mara mbili, spidi inapungua nusu, na mota haiteseki. Mota ikifika mwisho wa uwezo wake inaweza kula ampea 400 hivi, alternata ya kawaida, ile inayochaji betri, haifiki hata nusu ya hapo, kwahiyo kinachokuvuta ni betri. Injini iwake muda wote, vuta kidogo pumzika, shika mota kwa mgongo wa mkono, ikiwa ya moto kiasi huwezi kuushikilia acha ipoe.

Sasa usalama, na hapa ndo roho yangu ilipo. Waya wa chuma ukiwa umekazwa na kitu kimoja kikaachia, hook au sheko (ile pingu ya chuma ya kuungia) au sehemu uliyofunga, unarudi kwa kasi ambayo huwezi kuikwepa, unakata mtu. Usifunge kamwe kwenye ule mpira wa chuma wa kuvutia trela, ukichomoka unaruka kama risasi, watu wamekufa hivyo. Mti uzungushie mkanda mpana, usiuzungushe waya wenyewe halafu ukaung'ang'aniza hook juu yake, waya unavunjika nyuzi. Katikati ya waya tundika kitu kizito, koti, blanketi, hata gunia la mchanga kidogo, ukikatika uanguke chini. Na hakuna kuruka waya ukishafungwa, hata kama unaona umelegea.

Shida yetu kubwa ni watazamaji. Kuna siku kule mbugani hapakuwa na mti hata mmoja, tukazika tairi la spea tufungie waya hapo, tumechimba hadi tukapata udongo mkavu, tairi limesimama limetazama gari, mkanda umepita kwenye rimu kwenye chuma, na tumechimba mfereji ili mkanda utoke kwa kulala. Kufumba na kufumbua watoto wamejaa, wengine wamekaa pembeni ya waya kabisa. Nikamwendea mzee mmoja, "Shikamoo mzee, naomba unisaidie watoto warudi kule, huu waya ukikatika unaua." Hakuniuliza swali, akaenda mbali kupita urefu wa waya, akachora mstari kwa fimbo yake kwenye tope, akawasemesha kimaasai, na hakuna aliyeuvuka mpaka gari imetoka. Toka hapo kabla sijashika rimoti natafuta mtu mzima wa kusimamia watu, na anayetoa ishara awe mmoja tu.

Mikono nayo. Glovu za ngozi lazima, waya ukichakaa unatoa miiba inayoingia hadi mfupani. Hook ikikaribia rola za mbele shika kile kimkanda chake, sio hook yenyewe, na ubonyeze rimoti kidogo kidogo, vidole vikiingia pale havitoki.

Kasoro niliyoiona: kiboksi cha solenoidi, zile swichi za umeme zinazowasha mota, kinaingiza vumbi na maji, na solenoidi ikigandana winchi inaendelea kuvuta hata umeachia kitufe. Hiyo ni hatari kuliko zote nilizotaja. Kwahiyo fundi akikufungia mwambie aweke swichi kubwa ya kukata umeme wa betri kwenye waya wa umeme unaoenda kwenye winchi. Wangu alitaka kuiweka chini ya boneti karibu na betri, nikakataa, maana utafungua vipi boneti umesimama mbele ya waya unaojivuta wenyewe? Tumeiweka ndani, chini ya dashibodi upande wa dereva, mkono unaifikia hata umesimama nje ya mlango, na kazi ikiisha naizima, rimoti naichomoa naiweka kwenye droo.