Friji ya Mzee: kwa nini sikununua mpya

Friji yetu ni ya milango miwili. Mzee aliinunua mwaka 2008 alipostaafu jeshi, na hapa Bombo, Uganda, imesomesha watu: Mama aliuza barafu, maji baridi na juisi ya pasheni mpaka sisi tukamaliza shule. Machi mwaka huu ikagoma. Kompresa, ile mashine ya nyuma inayosukuma gesi, inanguruma usiku kucha, lakini maji yanatoka vuguvugu.

Fundi wa kwanza alikuja na mtungi begani, hakuuliza lolote. Akajaza gesi, akapokea shilingi 70,000, akaenda zake. Siku kumi na mbili tulipata barafu. Ya kumi na tatu nyama ikaanza kunuka.

Hapo kaka yangu akasema tuiuze kwa watu wa chuma chakavu. Mpya ya ukubwa ule niliambiwa 1,350,000 Kampala. Nikafikiria kuukuu, ila friji zilizotumika nje serikali ilizipiga marufuku kuingizwa tangu bajeti ya 2009, kwa hiyo ukiuziwa kuukuu mtaani, huenda umenunua uchovu wa jikoni kwa mwenzako. Bora uchovu ninaoujua.

Nikaipakia kwenye pikapu, 60,000, mpaka kwa fundi mwingine Bwaise, Kampala. Huyu alinifurahisha kabla hajashika spana. Alisoma kwanza kibandiko cha nyuma: gesi R134a, gramu 110. Akasema, "Mama, ingekuwa R600a nisingeleta moto karibu, ile inawaka." Kisha akachomoa nyaya za kompresa na kupima vile vichwa vitatu kwa mita ya umeme: omu 14, 22, na kati ya viwili vya mwisho 36. Akaniita nitazame. Mbili ndogo zikijumlishwa zikatoa ile kubwa, na hakuna umeme unaovujia kwenye bodi, basi nyaya za ndani ni nzima. "Hii ingekufa, ningekuambia ukanunue mpya. Kompresa na kazi yake ni nusu ya bei ya friji, na hii ina miaka kumi na saba."

Maneno hayo ndiyo yaliyonifanya nimwamini, maana alikuwa anajinyima kazi.

Tatizo lilikuwa wapi? Alipaka povu la sabuni kwenye maungio, tukakaa kimya kama tunavua samaki. Kwenye kichujio cha gesi, pale mrija mwembamba unapoingia, pakatoka kipovu kimoja, kikapasuka, kikaja kingine. Gesi ya yule wa kwanza ilikuwa imepitia hapo hapo. Akabadilisha kichujio chenyewe (mfumo ukifunguliwa, cha zamani kimeshanyonya unyevu), akachomelea, akavuta hewa yote kwa pampu, ndipo akajaza gesi mtungi ukiwa juu ya mizani. Yule wa kwanza alijaza kwa macho.

Halafu mlango. Akaufunga juu ya noti ya 1,000 akaniambia nivute. Ikatoka bila kubishana. Mpira ulikuwa umekauka upande wa chini, akaweka mwingine. Jaribuni hili nyumbani leo, halina gharama.

Jumla nililipa 240,000, mbali na pikapu. Pamoja na pikapu ya kwenda na zile 70,000 za kutupa, ni 370,000, maana kurudi shemeji alinibebea bure.

Umeme nao niliupima. Kabla ya kuipeleka nilizima kila kitu usiku nikasoma Yaka, mita yetu ya umeme wa kulipia kabla, saa nne, nikasoma tena saa kumi na mbili alfajiri: yuniti 1.2 zimekwenda na friji peke yake. Sasa hivi ni 0.6. Yuniti ikiwa inapita shilingi 700, hiyo ni karibu 38,000 kwa mwezi ninazobaki nazo.

Yaliyoniudhi: alisema siku mbili, zikawa tano, na simu hapokei mpaka umpigie kwa namba ya mtu mwingine. Kutu ya miguuni hakuigusa. Na nilinunua mwenyewe kile kifaa cha kulinda friji umeme unaporudi kwa kishindo, hakunikumbusha.

Mama ameanza tena kuuza barafu, mia tano kifuko. Taa ya ndani bado haiwaki. Fundi alisema balbu ataleta Jumatatu, na Jumatatu tatu zimeshapita.