MGB ya mwaka 1966 hapa Dodoma: raha zake na gharama zake

Nina MGB ya mwaka 1966, gari la michezo la Kiingereza, ile ya wazi juu yenye viti viwili, na ninaishi nayo Dodoma. Nikisimama sheli hakosi mtu wa kuuliza kama gari hili linafaa kwa mazingira yetu. Linafaa, tena Dodoma linafaa kuliko Dar es Salaam au Tanga, ila kwa mtu mwenye gari jingine la kazi na mwenye moyo wa kusubiri spea.

Nianze na kutu, maana ndiyo inayoua magari haya. MGB haina chasi ya kujitegemea kama pikapu. Bodi yenyewe ndiyo inayobeba kila kitu, na nguvu yake kubwa iko kwenye mabati yanayopita chini ya milango, kutoka gurudumu la mbele hadi la nyuma. Hayo yakiliwa, gari linalegea kiunoni. Uingereza hutia chumvi barabarani kipindi cha baridi ili kuyeyusha barafu, na chumvi hiyo imemaliza magari mengi. Huku kwetu pwani, hewa ya bahari inafanya kazi ileile. Dodoma mvua ni za Desemba hadi Aprili, kisha ukavu mtupu. Gari langu lilikaa miaka mingi chini ya banda shambani huko Kongwa, na fundi bodi alipogongagonga kwa nyundo chini yake, bati lilijibu kwa sauti kavu kila mahali.

Faida ya pili ni kwamba gari linaeleweka. Injini ni ya silinda nne, ujazo wa cc 1798, ina kabureta mbili aina ya SU za kuchanganya petroli na hewa, na hakuna kompyuta popote. Fundi mtu mzima aliyekulia kwenye Land Rover na Bedford za zamani hahitaji kufundishwa. Mzee anayenihudumia, gereji yake iko upande wa Kizota, hufungua kifuniko kidogo juu ya kabureta, huongeza oili kidogo, kisha huinua pistoni ya ndani kwa kidole na kuiachia. Ikishuka na kutoa mlio mmoja mkavu, "tak", anatikisa kichwa kwa kuridhika. Ikishuka kwa kusuasua, anajua vumbi limeingia, anaifungua na kuisafisha kwa petroli. Baada ya hapo huweka ncha ya mpira mwembamba sikioni, ncha nyingine kwenye mdomo wa kabureta, na kusikiliza mvumo wa hewa, kwanza hii, kisha ile, mpaka zivute sawa. Hapa tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, kwa hiyo gari lililosetiwa Dar likifika huku linakula petroli kupita kiasi na plagi zinapata masizi. Mzee huzungusha nati ya chini ya kabureta kidogo tu, plagi zinarudi rangi yake. Mimi napenda sana kukaa pembeni nikimwangalia.

Na barabarani? Twende Iringa kwa njia ya Mtera. Jumamosi alfajiri, turubai limekunjwa, mibuyu kulia na kushoto, lami imetulia. Gari halina mbio za kutisha, IST yenye injini nzuri inaweza kukuacha, lakini unakaa chini karibu na lami, usukani unakuambia kila kokoto, na gia inaingia kwa mkono mfupi. Usukani uko kulia kama yanavyotakiwa magari yetu, hivyo huhangaiki kupita malori. Ukipanda milima ya Nyang'oro baada ya Mtera, gia ya tatu inavuta bila kulalamika. Jambo moja la kuzingatia: spidomita inasoma maili. Vijijini penye kibao cha 50, mshale usizidi 30, vinginevyo utapigwa tochi.

Sasa gharama. Umeme wa MGB za mwaka 1966 umefungwa kinyume na tulivyozoea: upande wa chanya wa betri ndio ulioungwa na bodi. Tena betri ni mbili za volti 6, zimefichwa nyuma ya viti chini ya sakafu. Jirani mwema akija kukubustia kwa mazoea, anaweza kuunguza vitu kabla hujafungua mdomo. Radio au chaja ya simu ya kisasa nayo haifungwi hivihivi. Mimi nimebandika maandishi mekundu ndani ya boneti, na betri nimeweka moja ya volti 12, kwa sababu za volti 6 ni taabu kuzipata mjini.

Joto ni shida ya pili. Feni ya asili inazungushwa na injini, kwa hiyo gari likisimama, feni nayo inapunguza kasi wakati ndipo inapohitajika zaidi. Kipindi cha Bunge, msafara wa kiongozi ukisimamisha barabara saa saba mchana mwezi wa Novemba, gari linachemsha. Feni ya umeme na rejeta iliyozibuliwa vizuri ndiyo dawa. Na jua lenyewe! Viti vyeusi vikipigwa jua bila turubai huwezi kukalia. Hili ni gari la asubuhi na jioni.

Halafu spea. MGB zilitengenezwa zaidi ya nusu milioni kati ya 1962 na 1980, kwa hiyo karibu kila kitu bado kinatengenezwa Uingereza, hata bodi nzima mpya. Vipo, ila viko mbali. Mpira wa rejeta wa bei ndogo unaweza kukusubirisha wiki kadhaa, na usafiri pamoja na ushuru ukazidi bei ya mpira wenyewe. Siku hizi naagiza kwa mkupuo: mipira, gasketi, vifaa vya breki, vyote pamoja. Nunua pia spana za inchi, maana spana za milimita zitakuharibia nati.

Petroli isiyo na risasi nayo inadai maandalizi. Silinda hedi ya zamani inatakiwa iwekewe viti vigumu vya valvu, yaani pete za chuma ambazo valvu hukalia, la sivyo safari ndefu za kasi zitakula vile vya asili taratibu. Kuhusu bima kubwa, kampuni niliyoiendea ililithamini gari kama chuma chakavu. Nimebaki na bima ndogo. Matuta ya mitaani yanataka upite kwa pembe, chini kuna nafasi ya inchi 5 hivi tu. Na watoto hawana pa kukaa.

Ukipata la kununua, usidanganywe na rangi. Piga jeki karibu na gurudumu la nyuma, uangalie mwanya wa mlango wakati gari linanyanyuka. Mwanya ukipungua, au mlango ukagoma kufunguka, mabati ya chini yamekwisha, na kuyajenga upya ndiyo kazi ghali kuliko zote kwenye gari hili. Mwanya ukibaki vilevile, hayo mengine yote mzee wa Kizota atayamaliza.