Rivyuu: mafuta ya upako (elfu ishirini) na benchi la kanisa la Mkunazini (bure)

Haya wapendwa, niliahidi ntaandika nikimaliza chupa, sijaimaliza, miezi mitatu sasa, nimechoka kungoja kwa hiyo naandika hivohivo. Bidhaa yenyewe ni mafuta ya upako, kichupa cha plastiki kama cha dawa ya kikohozi, kifuniko cheupe, stika ina picha ya mtumishi kanyoosha mkono. Elfu ishirini. Nilinunua kwenye mkesha wa huduma moja iliyovuka kutoka bara kuja huku kwetu Zanzibar, jina naliacha sitaki maneno, walipiga hema usiku tatu wakaondoka na boti ya asubuhi.

Mie nafanya jikoni hotelini, mwaka wa tisa huu, mafuta nayajua kwa pua. Nilipofungua tu nikajua, ya mzeituni, tena si yale mazuri, yametiwa na marashi kidogo yanuke kikanisa. Kwa pesa ile sokoni Darajani nabeba chupa kubwa na nauli inabaki. Sisemi kupaka mafuta ni vibaya jamani, Yakobo 5 imeandikwa, mgonjwa awaite wazee wa kanisa wamwombee na kumpaka mafuta kwa jina la Bwana. Ila soma vizuri, anaitwa mzee anaekujua, anakuja kwako, na pale pale inasema kuomba kwa imani ndo kunakomwokoa mgonjwa. Meza ya kuuzia, foleni na mtu wa kupokea pesa kwa simu sijaviona mule.

Sasa mkesha wenyewe, nisiwe mnafiki, ulikuwa mtamu. Spika kubwa, kinanda hakinyamazi, mtumishi akipita mstari watu wanakwenda chini kama mihogo inang'olewa, na mie usiku wa pili nikaanguka. Sikusukumwa, au labda kidogo, mkono wake ulikuwa mzito. Lakini joto nililihisi kweli, kutoka utosini mpaka nyayo, nikalia, nikanena kwa lugha, nikarudi nyumbani saa kumi usiku sijui njaa wala usingizi. Siku tatu hivo. Ya nne mkuu wa jikoni kanikaripia kwa sababu ya mayai ya wageni, nikamjibu maneno ambayo hapa siwezi kuyaandika, mbele ya vijana wa fildi, wanafunzi waliokuja kujifunza kazi.

Ndo nikakimbilia chupa. Kila usiku napaka kipajini, nazima taa, nangoja lile joto. Hakuna. Nikaongeza kipimo, nikapaka na viganja, shuka zimeharibika. Nikawa naangalia video za mkesha kwenye simu mpaka bando linakata, nataka nilie tena kama siku ile. Usiku mmoja nikajiuliza, hivi tangu nimeanza kupaka nimemwambia Mungu nini? Nikahesabu, neno moja tu: tena. Nipe tena. Sikumuuliza lolote, sikumshukuru, wala ya yule mkuu wa jikoni sikuyataja, Mungu namjua kama mtu anavyomjua muuza unga wa kulevya.

Kuna nahodha wa Kizimkazi analeta samaki hotelini kwetu, halafu msimu wa wageni anawapeleka kuona pomboo. Anasema boti kumi zinakimbilia pomboo wawili, watu wanajirusha, wanapiga picha, masaa mawili mengi, wanataka kurudi kula. Nikamuuliza wanaipenda bahari? Akasema wanapenda pomboo. Nilikuwa namenya vitunguu, nikasingizia vitunguu.

Huduma ya pili ninayoirivyuu ni ibada ya Kiswahili Jumapili pale Kanisa Kuu la Anglikana Mkunazini. Mwenzangu wa zamu ndo kanipeleka, mie miaka yote nilikuwa napita nje naona ni pahala pa watalii. Na kweli ni pa watalii, pale ndo lilikuwa soko la watumwa, likafungwa 1873, na Krismasi ya mwaka uleule likawekwa jiwe la msingi la kanisa chini ya Edward Steere, mmisionari ambae baadae ndo akawa askofu. Altare ipo palipokuwa na mti wa kuchapia watu. Nguzo za nyuma ziko kichwa chini miguu juu, inasemwa mafundi walizisimamisha askofu akiwa safarini, na zikaachwa hivohivo. Mie napenda kukaa karibu nazo, najiona nimefika.

Ibada haina vituko. Unasimama, unakaa, unapiga magoti, unasema maneno yaleyale ya wiki iliyopita. Jumapili ya kwanza nilipiga miayo, nasema ukweli. Ya pili mahubiri yakawa ya Elia kule Horebu, upepo Bwana hamo, tetemeko hamo, moto hamo, halafu sauti ndogo ya utulivu. Nilitamani niseme nilitetemeka. Sikutetemeka. Nilikaa tu kwenye benchi nikawaza watumwa waliofungwa na kuuzwa pale, waliolia wala hawakuhisi joto lolote, na kama Mungu alikuwa nao basi alikuwa nao bila ya joto.

Nilimuuliza bibi jirani yangu, Muislamu, hakosi alfajiri. Bibi, huwa unahisi nini ukiswali? Kanambia nahisi magoti, akacheka. Halafu kasema, "Mwanangu, babu yenu nimekaa nae miaka arobaini, unadhani moyo ulinidunda siku ngapi? Lakini alikuwa akikohoa chumba cha pili najua anakoholea nini."

Hilo la kikohozi halijanitoka. Sasa adhana ya alfajiri ikilia bibi anaamka na mie naamka, natoka uani, zaburi moja kwa siku kwa mfuatano, hata ile ya 88 inayoishia gizani bila ya neno moja la furaha. Siku nyengine nasinzia. Mabadiliko? Madogo. Nilimwomba radhi mkuu wa jikoni, ilinichukua wiki mbili na alinijibu "haya" tu. Joto halijarudi. Likirudi karibu, ila silingojei mlangoni.

Najua kuna mtu ataniandikia kwamba nampinga Roho. Simpingi, Pentekoste ipo, Matendo 2, ndimi za moto na watu elfu tatu siku moja. Wewe usifunge kitabu hapo, soma mpaka mstari wa 42, wakawa wanadumu katika fundisho la mitume, ushirika, kuumega mkate na kusali. Kudumu bwana. Hiyo hakuna anaeirekodi video.

Nyota basi. Mkesha nyota tatu, muziki wa watu wale ni moto na choo kilikuwa kisafi. Mkunazini nyota tano, ila ukienda kutafuta msisimko utatoa mbili. Mafuta nilitaka kuyapa sifuri, robo chupa bado ipo. Lakini bawaba za mlango wa uani zilikuwa zinalia kwa kutu ya chumvi, kila alfajiri nawaamsha watoto, nimezitia matone mawili mawili na sasa natoka kimya kabisa. Nyota moja.